Kitabu Tulichokikata Vipande Vitatu

Ilianza siku ya Ijumaa, saa tisa na dakika ishirini alasiri, chumbani kwa Rehema kule Singe, Witness alipopitisha wembe kwenye mgongo wa kitabu cha baba yake. Saa ninaijua kwa sababu niliiandika. Mwaka ule wa kidato cha tatu niliandika kila kitu: nani kafunga goli, tumekula nini, mwalimu wa kemia kaja na viatu gani. Nilikuwa mtu wa kuandika kwa sababu sikuwa mtu wa kusema. Darasani nikiulizwa jibu ninalolijua nilisimama, nikaitazama meza, nikakaa. Wenzangu waliniita Katibu, na mpaka leo Rehema akinipigia simu haniiti jina nililobatizwa. Sasa nina miaka kumi na tisa, kidato cha sita nimemaliza, nasubiri chuo, na daftari la mwaka ule liko mbele yangu na doa la chai kwenye jalada. Wiki tatu zilizopita tumemzika baba yake Witness. Baada ya watu kuondoka na maturubai kushushwa, Witness aliingia ndani, akatoka na kitabu, akaniwekea mapajani. Nilikijua kabla ya kukifungua. Ndiyo maana naandika.

Kitabu chenyewe kilikuwa riwaya ya kipelelezi, ya zamani, jalada lilishatoka, hata jina lake hatukulijua. Tulikiita Brifukesi, kwa sababu ukurasa wa kwanza uliobaki ulikuwa na maiti hotelini na brifukesi iliyopotea. Baba yake Witness alikuwa akikisoma kabla hajaenda machimboni Simanjiro. Alikiacha mezani, akakunja pembe ya ukurasa wa mia moja hamsini na mbili, akasema, "Nitamalizia nikirudi." Ilikuwa imepita mwaka na miezi minne. Simu yake siku moja inaita, siku nyingine haipatikani, na akipokea anasema, "Nitakupigia, mwanangu," halafu hapigi. Siku ile tulikuwa tumekaa kitandani kwa Rehema, sahani moja ya makande katikati, vijiko vitatu, na Rehema akiwa anachagua mbaazi na kutuachia mahindi kama kawaida yake.

"Nimechoka kumsubiri," Witness alisema. "Tukimaliza nitamwandikia meseji moja tu. Baba, najua nani kaiba brifukesi. Ukitaka kujua, piga."

"Na asipopiga?" Rehema aliuliza.

"Atapiga. Yule alikuwa anasoma mpaka ugali unapoa, mama anagomba. Hawezi kuvumilia."

Tatizo lilikuwa kwamba kitabu ni kimoja na sisi tulikuwa watatu, na kila mmoja alitaka kukisoma wikiendi ileile. Shuleni kwetu riwaya zilikuwa zinakatwa. Ulikuwa utaratibu unaojulikana: mnapasua mgongo kwa wembe, kila mtu anachukua kipande chake, mnabadilishana, mwisho mnaunga kwa gundi ya fundi viatu. Ubaya wake ni kwamba kuna atakayeanza katikati na kuna atakayeanza mwisho. Rehema alichukua sehemu ya kwanza kwa sababu ni mvivu wa kusoma na alihitaji kuvutwa. Witness alichukua ya pili. Ya tatu, kuanzia ukurasa wa mia na ishirini na tisa, yenye kikunjo cha baba na mwisho wa kila kitu, aliniwekea mimi.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe hutasema," alisema. "Huyu Rehema akijua muuaji leo, kesho anajua mpaka muuza nyanya."

"Kweli kabisa," Rehema alikubali, mdomo umejaa.

"Ila kisitoke ndani, Katibu. Kikae nyumbani. Jumatatu asubuhi, kabla ya shule, tunabadilishana."

Niliitikia kwa kichwa. Nimejiuliza mara nyingi, mtu anapoaminiwa kwa sababu ya kunyamaza, je, ni sifa? Wakati ule niliona ni sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Nilikwenda nyumbani nimekikumbatia kile kipande chini ya sweta. Jioni nilikaa kizingitini, nikasoma mpaka maandishi yakaanza kufifia. Nilikutana na watu wakiwa tayari wanakimbizana, simjui nani kamwudhi nani. Alikuwapo Inspekta Zakayo mwenye jino la dhahabu, dereva asiyezungumza, na shangazi mmoja tajiri aliyekuwa akilia kupita kiasi. Nilifika ukurasa wa mia na sitini na tatu, Inspekta amefungiwa kwenye ghala la pamba na moshi unaingia chini ya mlango, nikajilazimisha kuacha. Nilitaka kurasa za mwisho nizile Jumapili taratibu, kama mtu anavyobakiza nyama mpaka ugali uishe.

Jumamosi kulikuwa na mechi. Timu yetu ya wasichana wa Singe ilicheza na Bonga, saa kumi jioni, uwanja wa jirani na mashamba ya alizeti. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na upande wa goli moja palikuwa na dimbwi la kufulia nguo. Mimi sikucheza. Kazi yangu ilikuwa kushika mabegi ya wenzangu na kuandika magoli. Na kile kipande cha kitabu nilikuwa nacho. Niliambiwa kisitoke ndani, nami nilikitoa, kwa sababu wadogo zangu walikuwa wakitafuta karatasi za kutengenezea tiara na sikumwamini hata mmoja. Nilikifunga kwa gazeti, nikakizungushia raba, nikakizamisha chini kabisa ndani ya begi langu. Ndivyo nilivyojieleza. Ukweli wa pili, ambao daftari linausema na mimi nilikuwa nimeusahau, ni kwamba nilitaka tu kuwa nacho karibu.

Refa alikuwa mwalimu wa kutoka Bonga, mtu wa filimbi shingoni na sheria mdomoni. Kabla ya kuanza alikagua miguu, akasema asiye na kinga ya ugoko hachezi. Kinga za dukani alikuwa nazo mmoja tu katika timu mbili. Wengine walifanya kama siku zote: boksi la sabuni likakatwa vipande, kila kipande kikaingizwa ndani ya soksi. Boksi likaisha. Witness, ndiye mshambuliaji wetu, alikuwa na kipande mguu wa kulia tu.

"Kushoto hakuna kitu," refa alisema. "Dakika mbili."

"Mwalimu, huu mguu wenyewe ni mbao," Rehema alisema kutoka golini. Watu walicheka. Refa hakucheka.

Witness akanijia mbio. "Katibu, una kitu chochote kigumu humo?" Hakusubiri. Mkono ulishaingia kwenye begi, ukaibuka na kifurushi. Alikipiga kwenye goti, kikatoa mlio mzuri wa ugumu. "Hiki nini?"

Timu nzima ilikuwa imegeuka kunitazama, na timu ya Bonga, na refa, na vijana wa bodaboda waliokaa juu ya pikipiki zao wakila miwa. Nilisikia masikio yakiwaka moto. Kusema ni kitabu ilikuwa ni kusema pia kwamba nimekitoa ndani, kwamba sikutunza neno dogo nililoombwa, mbele ya watu wote wale. Kulikuwa na nafasi ya neno moja.

"Gazeti," nikasema.

"Safi."

Akalisokomeza kwenye soksi ya kushoto, akavuta soksi mpaka gotini, akakimbia. Filimbi ikalia. Niliendelea kusimama mdomo wazi kama mtu anayetaka kupiga chafya.

Sijawahi kuitazama mechi namna ile na sitaitazama tena. Sikuona mpira, niliona mguu mmoja. Kipindi cha kwanza Witness aliteleza kwenye dimbwi mara mbili. Kipindi cha pili mvua ilirudi, na beki wa Bonga, dada mmoja mnene mwenye mbio za ajabu, akampiga kiatu palepale kwenye ugoko, paa, mpaka watu wakasema "uuh". Witness alisimama, akajipapasa soksi, akacheka. "Gazeti limeniokoa," alipiga kelele kunielekea. Dakika za mwisho alifunga goli, kwa mguu uleule wa kushoto. Moja bila. Nililiandika. Wenzangu walimbeba. Walipomshusha, alikaa ukingoni mwa mfereji unaopeleka maji mashambani, akavua soksi, akachomoa uji wa karatasi, mweusi kwa tope, umekunjika kama chapati iliyokanyagwa. Aliutazama kidogo tu. Akautupa majini. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Hatua tatu. Maji ya mfereji baada ya mvua yana kasi.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda kwenye banda la video la kaka Gasper, onyesho la saa tisa alasiri. Ni banda la mabati, mabenchi ya mbao, giza la kutengenezwa kwa magunia dirishani, na joto linalokufanya ujue jirani yako amekula nini. Kaka Gasper alikuwa anakaa kando ya runinga na kipaza sauti, akitafsiri. Siku hiyo ilikuwa muvi ya Kichina na Kichina hakukijua, lakini alitafsiri. "Hapa anamwambia, wewe mzee, mdogo wangu yuko wapi? Mzee anamjibu, mdogo wako nimemfundisha adabu." Katikati ya ngumi Witness na Rehema walikaa mmoja kila upande wangu wakibishana juu ya Brifukesi.

"Dereva ndiye mwizi," Rehema alisema. "Mtu hasemi kitu kitabu kizima? Ana lake."

"Kunyamaza si wizi. Shangazi. Kwenye sehemu yangu ameuza gari lake na hajasema hela kapeleka wapi."

"Katibu anajua. Mtazame. Katibu, umefika wapi?"

"Nakaribia," nilisema.

"Usiseme," walisema wote wawili, wakaziba masikio, wakacheka mpaka mtu wa nyuma akawaambia watoke nje.

Zilipobaki dakika chache, steringi ananing'inia kwenye helikopta kwa mkono mmoja, umeme ukakatika. Banda zima liliguna. Mtu akasema, "Gasper, rudisha hela zetu." Kaka Gasper akapanda juu ya benchi. "Tulieni. Nani amesema muvi imeisha?" Akaanza kuisimulia, bila kipaza sauti, kwa mikono na miguu: steringi akapanda, akampiga rubani kichwa, helikopta ikaangukia ziwani, mdogo mtu akaokolewa, akamtambua kaka yake kwa kovu la shingoni. Walikuwapo wanaume wazima waliopangusa macho. Tulitoka tumeridhika. Nje nilikuwa nikinunua muhogo wa kukaanga kwa Mama Happy, kaka Gasper akaja kusimama pembeni yangu, jasho linamchuruzika.

"Gasper," Mama Happy alimwambia huku akikata muhogo, "wiki iliyopita ulisema yule mdogo mtu alikufa. Leo kapona?"

"Wiki iliyopita watu walikuwa na roho ngumu. Leo umeona walivyochoka na mvua?"

"Haya, mwisho wenyewe ukoje?"

"Siujui, mama. Umeme haujawahi kunifikisha."

Nilirudi nyumbani muhogo mkononi sijauonja. Saa kumi na moja kasoro nilikaa kizingitini na daftari jipya la kurasa arobaini na nane. Kwanza niliandika yale niliyoyasoma, kuanzia ukurasa wa mia na ishirini na tisa, kwa jinsi nilivyoyakumbuka, na nilikumbuka mengi. Hadithi ilipofika pale baba yake Witness alipoishia, nilikunja pembe ya ukurasa wa daftari, kwa kuwa namba ya ukurasa wake nilikuwa nimeiandika Ijumaa. Halafu nikafika kwenye ghala la pamba, moshi unaingia, na baada ya hapo hapakuwa na mtu wa kunisaidia. Nilitumia maneno ya Rehema na Witness ya kule bandani. Gari la shangazi lililouzwa, dereva asiyesema. Nikamwandika dereva akivunja mlango wa ghala kwa bega. Nikamwandika akisema, kwa mara ya kwanza katika kitabu kizima, kwamba aliona tangu mwanzo nani kachukua brifukesi, na hakusema kwa sababu aliulizwa mbele ya watu. Niliandika kurasa kumi na mbili nisitazame juu. Mama aliniita kula mara mbili. Nia yangu ilikuwa kumwambia Witness kwamba kipande kililowa mvua, nikakinakili chote kabla hakijaharibika. Angeamini. Angemtumia baba yake mwisho wa uongo na pengine baba angepiga, na kila mtu angetoka ameridhika.

Daftari lile ndilo lililokuwa mapajani mwangu wiki tatu zilizopita. Limeshonwa kwa uzi mweusi wa viatu nyuma ya sehemu ya kwanza na ya pili, pana kuliko kitabu chenyewe, na juu yake fundi amegandisha jalada la kadibodi. Baba alipiga simu. Alirudi mwezi wa kumi na moja mwaka ule, Witness ananiambia, akakaa na kitabu siku mbili, na hakurudi tena machimboni, ingawa kifua alichotoka nacho huko ndicho kilichommaliza. Nilitafuta ukurasa wa kikunjo. Pembe imenyooshwa. Alama ya mkunjo bado ipo, ukipitisha kidole unaisikia, lakini mtu aliinyoosha kwa makini na kuendelea mbele. Pale uani, katikati ya masufuria ya msiba, nilifurahi, na niliona aibu kufurahi. Kwa sababu nakumbuka jinsi asubuhi ile ya Jumatatu ilivyokaribia kwenda vingine.

Nilifika kwa kina Witness saa kumi na mbili na robo, sare mwilini, daftari mkononi. Mama yake alikuwa akifagia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mapema? Mwenzako yuko nyuma."

Witness alikuwa amechuchumaa kwenye beseni, anafua soksi za mechi. Kitambaa kilikuwa kimejaa vipande vidogo vya karatasi, vimeng'ang'ania ndani ya nyuzi, naye alikuwa akivitoa kimoja kimoja kwa kucha.

"Umeona?" aliniambia bila kugeuka. "Gazeti lako hili limegoma kutoka."

Maneno niliyoyapanga njia nzima yalikuwapo. Kililowa, nikanakili. Niliyafungulia mdomo.

"Si gazeti," nikasema.

Akageuka. Nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa ndogo, ikabidi nirudie jambo moja mara mbili, lakini nilimwambia yote: begi, raba, dakika mbili za refa, mfereji. Alikiangalia kipande kilichobaki kwenye ukucha wake. Kilikuwa na herufi tatu.

"Ulikuwa unanitazama?"

"Ndiyo."

"Mechi nzima?"

"Ndiyo."

"Nikakupigia kelele kwamba limeniokoa."

"Ndiyo."

Aliitupa soksi kwenye beseni kwa nguvu, maji yakanirukia sketi. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mgongo kwangu. Nilimsikia akivuta kamasi. Upande wa mbele mama yake aliendelea kufagia.

"Sasa nitamwambia nini?" alisema. Hakuwa ananiuliza mimi.

"Nimeandika," nilisema. "Niliyoyasoma nimeyaandika yote. Mwisho ni wangu. Si wenyewe. Wenyewe siujui."

"Na ulikuwa unataka kuniambia ndio wenyewe."

"Jana, ndiyo. Mpaka hapo mlangoni."

Nilianza kurudi nyuma. Kisha akasema, bado amenipa mgongo, "Steringi anakufa?"

"Nikikuambia utakuwa umejua."

"Lete."

Nilimnyooshea daftari. Akatazama mikono yake, povu mpaka kwenye viwiko, akatazama daftari.

"Mikono ina sabuni," alisema. "Soma wewe."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyeandika, Katibu. Soma. Kwa sauti, na mama asikie, maana naye alikuwa anamgombeza baba kwa ajili ya hiki kitabu."

Ufagio ulinyamaza. Mama yake alitokea kwenye kona ya nyumba na kuegemea ukuta. Huko shuleni kengele ya namba, ile ya kuhesabiwa asubuhi, ikalia, tukaisikia wote watatu, na hakuna aliyesogea. Nilifungua ukurasa wa kwanza. Masikio yaliwaka moto kama yalivyowaka uwanjani. Nikasimama wima pale kando ya beseni, nikasoma kwa sauti, kurasa zote, mpaka mwisho.